Baridi Iliyofika Ludara kwa Njia Mbili

Katika nchi ya Ludara, upande wa Koboko, West Nile ya Uganda, ambako ubaridi wa msimu wa mvua humtaka mtu ajifunike shuka na si zaidi, maji hayagandi mtungini hata usiku uwe mkali namna gani. Na barafu, kabla ya kuja majokofu, haikuonekana huko ila katika mvua ya mawe.

Neno baridi lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, liliijia West Nile kwa njia mbili. Kwa kaskazini walikuja askari wa Kisudani wa dola ya Misri, waliokaa Wadelai kando ya Nile chini ya gavana Emin Pasha, na ambao Kapteni Lugard wa Uingereza aliwaandika baadhi yao mwaka 1891. Kiarabu chao ndicho kilichozaa Kinubi. Kwa mashariki, baada ya West Nile kutiwa Uganda mwaka 1914, Kiswahili kilifuatana na vijana walioingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Nacho Kiswahili cha kambini, kikiwa na shughuli zake, hakikujali kupambanua kama apambanuavyo Mwingereza, ambaye cool kwake ni sifa, chilly ni kero, cold ni hali, na freezing ni mpaka wa maji kugeuka jiwe.

Watu wa mwambao hawakuwa na ufukara huo: wana kipupwe, wana kuzizima, wana sakitu, wana theluji waliyoitwaa kwa Waarabu, na barafu waliyoitwaa kwa Waajemi, ambao kwao ndiyo theluji yenyewe. Lakini bara neno moja lilibeba yote. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake aliuita baridi tu, jawabu ambalo mtoto wa Ludara aliyewahi kushika jiwe la mvua angelikubali bila hoja, na ambalo Rebmann, kwa akili zake, alilifahamu kuwa ni theluji. Bwana Cooley, mwanajiografia wa London, asiyepata kukanyaga Afrika, alimkadhibisha kwa vitabu. Na msafiri Baron von der Decken alipoupanda mlima mwaka 1862 akaangukiwa na theluji hiyo usiku, Cooley alimfanyia dhihaka naye.