Bukumbi, Kimbilio la Kando ya Nyanza

Mwaka wa yubilei ni mwaka wa kukumbuka. Basi tumeona vema kuwaandikia kidogo habari za makanisa yetu ya kale.

Tangu tarehe 19 Juni 2025, daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, limeunganisha Kigongo na Busisi. Zamani wasafiri walikingojea kivuko ufukoni, na katika kungoja huko wazee walisimulia na vijana wakasikiliza. Sasa ghuba huvukwa kwa dakika chache. Twashukuru sana, lakini yatupasa kujiuliza, masimulizi yale yatasimuliwa wapi?

Si mbali na Kigongo iko Bukumbi. Mwisho wa mwaka 1878 Mapadre Weupe walifika Kageye, kando ya Nyanza, baada ya safari ndefu ya miguu toka Bagamoyo. Kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakaingia Buganda tarehe 17 Februari 1879. Mwaka 1882 hatari zilizidi huko, nao mapadre wakarudi kusini pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Ndipo mwaka 1883 misioni ya Bukumbi ilipoanzishwa. Makanisa ya siku zile yalikuwa ya miti, udongo na nyasi; mchwa waliyala, mvua ikayabomoa, watu wakayajenga tena.

Nyumba ile maskini ilipata kuonyesha jambo kubwa. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua vijana Wakristo wa jumba lake, wengi wao wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe akaondolewa katika kiti chake. Mwezi wa Oktoba 1888 wamisionari nao wakafukuzwa, wakavuka ziwa hata Bukumbi, na Wakristo wengi wa Buganda wakawafuata, wakakaa Nyegezi. Mwanga alikaa kwanza Magu kwa wafanyi biashara Waarabu; kisha, mwanzoni mwa mwaka 1889, akaja kuomba kimbilio kwa mapadre wa Bukumbi. Nao wakampokea. Fikirini, ndugu: aliyewatia watoto wao motoni alibisha mlangoni, na mlango ukafunguliwa. Tunaposoma Injili juu ya kuwapenda adui, tusidhani ni habari za nchi za mbali tu.

Wala si sisi peke yetu wenye kumbukumbu hapa. Usambiro, kusini mwa ghuba, ilikuwa misioni ya Waanglikana. Askofu Parker alifariki huko mwaka 1888, na Alexander Mackay tarehe 8 Februari 1890. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilihamishwa kupelekwa Namirembe. Kaburi likiondolewa, mahali hubaki mikononi mwa wenye kukumbuka. Nao wakinyamaza, huwa pori kama mapori mengine.

Mapadre na maaskofu wameandikwa vitabuni. Lakini ni nani aliyekata miti ya kanisa la kwanza la kigango chenu? Ni mama gani waliochota maji ya kukandia udongo? Katekista wa kwanza alifundisha chini ya mti gani? Hayo hayamo vitabuni. Yamo vifuani mwa wazee, na wazee hawatungoji.

Kwa hiyo twawasihi, walimu: watumeni watoto kwa babu na bibi zao wakiwa na daftari. Waulize majina, waulize mahali, waandike kama walivyosikia, na daftari hizo ziwekwe parokiani pamoja na vitabu vya ubatizo. Kuta za udongo zilianguka, zikajengwa tena. Jina likisahauliwa na wote, hakuna fundi wa kulijenga tena.