Saurashtra: Timu Iliyodumu Kuliko Jimbo Lake

Waulize Wahindi wazee wa Mombasa, Zanzibar au Jinja babu zao walitoka wapi, na wengi watakutajia majina yaleyale: Porbandar, Jamnagar, Rajkot, au vijiji vya kandokando. Ni miji ya rasi ya Kathiawar, magharibi mwa India, ambako majahazi yalisubiri kaskazi ili yaje pwani yetu. Rasi hiyo ndiyo iliyomzaa Gandhi. Imezaa pia wacheza kriketi wengi kupita ukubwa wake. Timu yake inaitwa Saurashtra, na sasa imetimiza miaka 75 tangu iliposhuka uwanjani kwa jina hilo, msimu wa 1950–51.

Jimbo la Saurashtra lenyewe halipo tena. Liliundwa mwaka 1948, India ilipokwisha kujitawala, kwa kuunganisha tawala ndogondogo zaidi ya 200 za rasi hiyo. Mwaka 1956 likamezwa na jimbo la Bombay, na mwaka 1960 eneo lote likawekwa ndani ya Gujarat. Liliishi miaka minane tu. Timu haikuguswa, na ndiyo maana hadi leo jimbo moja la Gujarat lina timu tatu katika Kombe la Ranji, mashindano makuu ya mikoa ya India: Gujarat yenyewe, Baroda, na Saurashtra.

Kombe hilo nalo limechukua jina la mtu wa rasi hii. Ranjitsinhji, aliyezaliwa mwaka 1872, alikwenda kusoma Uingereza akiwa kijana, akaichezea Sussex, na mwaka 1896, katika mechi yake ya kwanza akiwa na timu ya taifa ya Uingereza, akapiga mikimbio, yaani alama, 154 bila kutolewa. Waingereza walizoea kuusukuma mpira mbele. Yeye aliugusa kwa mkunjo wa kifundo cha mkono, ukateleza nyuma ya mguu wake hadi mpakani. Mwaka 1907 akawa mtawala wa Nawanagar, yenye makao yake Jamnagar, na alifariki mwaka 1933. Mwaka uliofuata mashindano yakaanzishwa kwa jina lake.

Nawanagar waliingia katika kombe hilo msimu wa 1936–37 na kulichukua papo hapo, kwa kuifunga Bengal fainali. Nahodha alikuwa Albert Wensley, Mwingereza wa Sussex. Nguvu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa ya watoto wa nyumbani. Vinoo Mankad alikuwa na miaka 19. Amar Singh, mzaliwa wa Rajkot, alikuwa mrushaji wa kasi ambaye mwaka 1932, katika mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa ya India, dhidi ya Uingereza uwanjani Lord's, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipigia India mikimbio 50 katika mechi ya namna hiyo. Alifariki Jamnagar mwaka 1940 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 29. Timu nyingine ya rasi, Western India, ilichukua kombe msimu wa 1943–44. Iliyofungwa fainali ilikuwa Bengal tena.

Kuna ukurasa mmoja ambao ningependa usingekuwapo. Desemba 1948, mjini Poona, timu ya Kathiawar ilikuwa ikiteseka mbele ya Bhausaheb Nimbalkar wa Maharashtra. Alikuwa amefikisha 443 bila kutolewa, na rekodi ya dunia ya Don Bradman ilikuwa 452. Alipungukiwa na mikimbio tisa. Wakati wa mapumziko nahodha wa Kathiawar, mtawala wa Rajkot, akakubali kushindwa na kuondoka na timu yake. Nimbalkar hakupata nafasi nyingine, wala hakuwahi kuichezea India katika mechi rasmi ya kimataifa. Heshima ya mtawala ilikuwa na thamani gani mbele ya mikimbio tisa?

Saurashtra iliporithi nafasi ya Kathiawar, watawala walikuwa wameishiwa, na fedha za kriketi zilikuwa Bombay. Hapo ndipo ilipoanza huzuni ndefu ya timu hii: ililea, wengine wakavuna. Mankad alikuwa amekwisha kuhama, akapita katika timu kadhaa, Bombay ikiwa mojawapo, na mwaka 1956 akapiga 231 akiichezea India dhidi ya New Zealand huku akijenga na Pankaj Roy ushirikiano wa 413, wapigaji wawili wa kwanza peke yao. Salim Durani alikulia Jamnagar. Alianza na Saurashtra, lakini sifa zake zikaandikwa Rajasthan. Karsan Ghavri, kijana wa Rajkot mwenye mkono wa kushoto, naye alikwenda Bombay. Siwalaumu hata kidogo, maana mchezaji hufuata mahali panapomlisha na panapoonekana. Lakini kwa zaidi ya nusu karne jina la Saurashtra lilibaki la kujazia ratiba.

Mambo yalibadilika kwa vijana wawili waliofiwa na mama zao mwaka uleule wa 2005. Cheteshwar Pujara alikulia Rajkot, katika makazi ya wafanyakazi wa reli, akifundishwa na baba yake, Arvind, aliyewahi kuichezea Saurashtra. Ravindra Jadeja alikulia Jamnagar, mtoto wa mlinzi na muuguzi. Mwaka 2008 walisimama pamoja dhidi ya Orissa mjini Rajkot na kuongeza mikimbio 520 bila kutenganishwa, rekodi ya dunia kwa wiketi ya tano, yaani baada ya wapigaji wanne kutolewa. Pujara alimaliza na 302, Jadeja na 232. Baadaye Jadeja akawa Mhindi wa kwanza kupiga 300 na zaidi mara tatu katika kriketi ya daraja la kwanza. Kubwa kuliko rekodi zote hizo ni kwamba hawakuhama. Wote wawili walipata umaarufu uliotosha kuchagua timu yoyote, wakabaki.

Hata hivyo kombe lilichelewa. Fainali ya 2012–13 Saurashtra walicheza bila wawili hao, waliokuwa na timu ya taifa, na Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani, ikawatoa wote kwa mikimbio 82 katika zamu ya pili. Mumbai tena, 2015–16. Vidarbha, 2018–19. Fainali tatu, machozi mara tatu.

Machi 2020 wakakutana na Bengal, safari hii Rajkot, nyumbani. Mechi ya siku tano isipopata mshindi, kombe huenda kwa aliyeongoza zamu ya kwanza ya kupiga, hivyo kila mkimbio ulikuwa dhahabu. Pujara alitoka siku ya kwanza akiwa mgonjwa, akarudi siku ya pili, na pamoja na Arpit Vasavada wakaongeza 142. Saurashtra ikafikisha 425. Siku ya mwisho milango ilifungwa kwa sababu ya korona, viti vikawa vitupu, na Bengal, wakiwa 354 kwa wiketi sita, walihitaji mikimbio 72 tu waongoze. Nahodha Jaydev Unadkat, mzaliwa wa Porbandar, akamtoa Anustup Majumdar, na katika ova ileile, yaani mfululizo uleule wa mipira sita, akamkuta Akash Deep nje ya mstari wake, akarusha mpira ukagonga vijiti. Bengal wakaishia 381. Unadkat alikuwa na wiketi 67 msimu huo, nyingi kuliko za mrushaji wa kasi yeyote katika msimu mmoja wa kombe hilo. Rasi ilipata kombe kwa jina la Saurashtra, na watu wake hawakuruhusiwa kuingia kuliona.

Februari 2023 wakalichukua tena, Eden Gardens, Kolkata, mbele ya watu wa Bengal wenyewe. Unadkat alichukua wiketi tisa katika mechi, na Vasavada alimaliza msimu na mikimbio 907. Hesabu kuanzia Nawanagar: rasi hii imetwaa Kombe la Ranji mara nne, na mara zote nne aliyeshindwa fainali ni Bengal.

Mmoja wa mabingwa wa 2020, Avi Barot, mpigaji na mlinda vijiti, hakuwapo Kolkata. Moyo wake ulisimama Oktoba 2021. Alikuwa na miaka 29, umri uleule wa Amar Singh.