Mewtwo Hatakuokoa: Historia Fupi ya Akili Kwenye Pokémon

Wasee, leo tumalize huu ubishi. Kila nikiposti kitu cha Pokémon, lazima kuna mtu wa kuniambia hiyo ni gemu ya watoi, eti unachukua mnyama mkubwa, unabonyeza pigo kali, umeshinda. Zii. Historia yenyewe inakataa.

Turudi Japani, 1996. Satoshi Tajiri, jamaa aliyependa kukusanya wadudu utotoni, anatoa Pokémon Red na Green za Game Boy. Wanyama 151, aina 15. Maji yanazima moto, moto unachoma nyasi, nyasi zinanyonya maji. Hiyo kila mtu anaijua. Shida ni kwamba programu ilikuwa na makosa. Mapigo ya Mzimu yalifaa kuwaumiza Psychic, lakini yaliandikwa vibaya yakawa hayafanyi kitu. Dawa iliyobaki ilikuwa ya aina ya Mdudu, na mapigo ya Mdudu enzi hizo yalikuwa hafifu sana. Basi Alakazam na wenzake wakajitawalia. Tena mwenye mbio ndiye aliyepata mapigo ya bahati mara nyingi, ndiyo maana Tauros, fahali wa kawaida tu, aliogopwa hivyo.

1999, Gold na Silver zikaleta Giza na Chuma, na Psychic hawezi kumgusa wa Giza kabisa. Zikaleta pia vitu vya kubeba. Leftovers inakurudishia 1/16 ya uhai kila zamu. Inaonekana kidogo, lakini mpe Snorlax mwenye uhai mwingi halafu ujaribu kumuua. Vita vikawa virefu, na mwenye haraka akawa ndiye anapoteza.

2002, Ruby na Sapphire. Hapa ndipo hesabu ilianza kweli. Kila mnyama ana namba za kuzaliwa kutoka 0 hadi 31, ana moja kati ya tabia 25, na ana pointi 510 za mazoezi za kugawa. Gemu yenyewe haikukuonyesha hizo namba. Wachezaji walizichimbua wenyewe na kufundishana bure. Ni kama mtu anayeuza nyanya hapa soko la Kagio: mtaji ni uleule, ukiumwaga wote kwa mzigo, utalipa gari na nini? Mchezaji mkali hajazi mbio hadi mwisho. Anaweka mbio za kumpita yule mmoja anayemsumbua, zinazobaki anaziweka kwa ulinzi.

2006, Diamond na Pearl zikageuza kila kitu. Zamani mapigo yote ya Maji yalitumia nguvu za mbali, kwa hivyo Gyarados, mwenye misuli ya karibu, alikuwa anabeba silaha isiyomfaa. Sasa kila pigo likahesabiwa lenyewe, na Gyarados akawa hatari. Halafu ikaja Stealth Rock, mawe yanayomuumiza kila anayeingia uwanjani. Charizard akiingia tu, nusu ya uhai imeenda. Yule joka wa kwenye fulana za kila mtoto!

Sasa sikia vile wakali wanafikiri. Niko na Gyarados, wewe una mnyama wa Umeme. Unajua nitamtoa niingize Garchomp, maana Umeme haumfanyi kitu. Kwa hivyo unaacha Umeme, unapiga Barafu, ambayo inamuumiza Garchomp mara nne. Lakini mimi najua kwamba unajua, nabaki na Gyarados, Barafu yako haimtishi, na zamu umenipa bure. Hapo hakuna kubonyeza pigo kali. Unamsoma mtu.

Na ushahidi mkubwa ni 2014, mashindano ya dunia, vita vya wawili wawili. Se Jun Park wa Korea Kusini akaja na Pachirisu, kindi mdogo ambaye watu walimcheka. Kazi yake ilikuwa kuvuta mapigo yamjie yeye, na Umeme ukimgusa, badala ya kuumia anapona. Kwa hivyo Gyarados wa Park, anayeogopa Umeme kuliko kitu chochote, akapata mlinzi. Park akabeba kombe.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kuwatambia. Lakini naona kitu hapa ambacho tutakipoteza tukicheza. Gemu nyingi za simu siku hizi mwenye hela ananunua ushindi. Pokémon Showdown, iliyoanza 2011, ni bure kwenye brauza, na kila mnyama unaruhusiwa kumpanga vile unataka. Wachezaji wenyewe wametunga sheria za nani acheze na nani. Mega Rayquaza alizidi hata daraja la wale waliopigwa marufuku, akatengenezewa lake. Yaani msee wa Kagio mwenye simu ya kawaida na bando la shilingi 20 anakutana na mtu wa Tokyo, silaha sawa, tofauti ni kichwa tu.

Na sisi hatukuanza jana. Wazee wetu walikuwa wanacheza giuthi, mashimo na mbegu, na ukikosa kuhesabu zamu zinazokuja, unafagiwa. Hakuna aliyewaita watoi. Kwa hivyo ukitaka kunibishia, sawa, lakini kwanza niambie pointi zako 510 umezigawa vipi.