Historia Fupi ya Kemia ya Maada Nchini, na Fungu la Mara Ndani Yake

Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria na bila ya maabara hata moja. Kilihamia mlimani mwaka 1964, na mwaka uliofuata, kilipofunguliwa kitivo cha sayansi, ndipo ilimu ya kemia ilipopata makao yake. Mtu aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho chuo hiki kilikuwa sehemu yake, tangu 1963, na kisha Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea tarehe 1 Julai 1970, alikuwa mmoja: Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza masomo yake Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na ambaye, kabla siasa haijamchukua moja kwa moja, alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya St. Mary's, Tabora. Nalitaja jambo hili mwanzo kabisa, kwa kuwa wengi wetu humkumbuka kwa siasa na lugha, na huyasahau mapenzi yake kwa sayansi.

Mji wa Musoma nao uliacha alama yake katika tarehe ya chuo hicho. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapo ikatoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote na kuwataka vijana waliomaliza kidato cha sita watumikie taifa na kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti hilo la pili lililegezwa baadaye, na wapo walioona kuwa liliwachelewesha wanafunzi wa sayansi. Lakini kwa rai yangu dhamiri yake ilikuwa sahihi, nayo ni kwamba msomi ayajue maisha ya watu wake kabla hajaziendea chupa za maabara. Vikundi vya kemia vilivyozaa matunda nchini ni vile vilivyoifuata dhamiri hiyo, hata pale ambapo wenyewe hawakulitaja Azimio.

Katika kemia ya maada, yaani utengenezaji wa vitu kwa kazi maalumu, wa kutajwa mapema ni wakemia wa Dar es Salaam, Egid Mubofu akiwa miongoni mwao, walioyageukia maganda ya korosho, ambayo viwanda huyatupa au kuyachoma. Ndani ya maganda hayo mna mafuta makali yanayobabua ngozi, na kutokana na mafuta hayo wanazuoni hawa wakatoa asidi na fenoli za kutengenezea vichocheo vya kemia na chembe ndogo zisizoonekana kwa jicho. Korosho ni mali ya kusini na pwani. Lakini kanuni waliyoisimamisha, ya kuanzia na taka iliyo mlangoni, ilifika kaskazini.

Huko kaskazini, Tengeru karibu na Arusha, ndipo ilipojengwa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na kuzinduliwa rasmi na Rais Jakaya Kikwete Novemba 2012, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Burton Mwamila, mhandisi. Hii ni taasisi ya shahada za uzamili na uzamivu, ambamo maada, nishati, maji na mazingira viliwekwa chini ya paa moja; nao ulikuwa uamuzi wa busara, maana mkemia aliyekaa jirani na mtu wa maji hakosi swali la kutafiti.

Swali lenyewe lilikuwa floraidi. Maji ya visima na chemchemi katika Bonde la Ufa na pembezoni mwake huwa na madini hayo kupita kiasi, ilhali Shirika la Afya Duniani haliruhusu zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anywaye maji hayo meno yake huingia rangi ya kahawia, na akiendelea kwa miaka mingi mifupa hupinda. Kituo cha kuondoa floraidi cha Ngurdoto, kisicho mbali na Tengeru, kilikuwa kimekwisha kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao madini yake huachilia hidroksili na kuishika floraidi mahali pake. Watafiti wa Tengeru walitafuta njia za kuupita mkaa huo. Dakta Askwar Hilonga, aliyesomea uzamivu Korea Kusini na kuandika juu ya silika yenye vitundu itokanayo na silikati ya sodiamu, alirejea na ujuzi huo, akauunganisha na chujio la mchanga: mchanga huzuia uchafu na vijidudu, kisha maada zilizotayarishwa kwa ajili ya maji ya mahali husika hushika floraidi au metali nzito. Mwaka 2015 chujio hilo liliipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, ilipotolewa kwa mara ya kwanza na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000, na kampuni iliyolipeleka kwa watu ikaitwa Gongali, kwa jina la kijiji chake huko Karatu.

Tuzo ni fadhila, lakini maisha ya kikundi cha utafiti hayamo katika tuzo. Yamo katika kazi ya kila siku ya wanafunzi, ya kuoka maganda na makapi katika tanuri lisiloingia hewa, kuyachanganya na potasi kali, kuyaoka tena kwa joto la nyuzi mia kadhaa, na kuyaosha hata maji yasiwe na ukali tena, mpaka upatikane mkaa wenye vitundu kama sega la nyuki, ambao gramu moja tu yaweza kuwa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 1,000. Kisha unga huo hutikiswa na maji ya kisima kwa saa nyingi, huchujwa, na maji hupimwa. Na aghalabu matokeo huwa mabaya, kazi ikaanza upya. Wakati mwingine sampuli hulazimika kusafirishwa nchi za mbali kwa kukosekana darubini ya elektroni, na mwanafunzi hungoja. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi hiyo walichapisha kazi juu ya mkaa wa maganda ya fenesi, uliofanywa kuwa elektrodi za kuondolea chumvi majini kwa umeme mdogo. Fenesi, tunda la sokoni, likaingia katika jarida la kimataifa. Nami nasema hilo si jambo dogo.

Sasa tuitazame Mara, mkoa wenye Musoma na Butiama tulizozitaja mwanzo. Mkoa huu nao umo katika orodha ya mikoa yenye floraidi majini, na vijiji vya Bunda na Butiama vilivyo baidi na ziwa hunywa maji ya visima. Pamba ya Bunda huacha mabua na maganda. Wavuvi wa Musoma huona gugu maji likiziba bandari zao. Na Buhemba, wachimbaji wadogo huisafisha dhahabu kwa zebaki, sumu inayoingia udongoni na majini. Malighafi ipo, na maradhi ambayo malighafi hiyo yaweza kuyatibu yapo papo hapo. Kwa zama nyingi kijana wa hapa aliyetaka kuyachunguza haya alilazimika kufunga safari kwenda Arusha au Dar es Salaam, na wengi waliokwenda hawakurudi.

Leo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimewekewa makao yake Butiama kwenyewe. Nawasihi wenye mamlaka ya chuo hicho waiweke kemia ya maada miongoni mwa kazi zake za mwanzo, wawaite vijana wetu walio Tengeru na Mlimani waje kuwa walimu wake, na sampuli zake za kwanza zichotwe katika visima vya Bunda na Butiama. Na nawaomba wazazi wa Mara wasimzuie binti wala mvulana aliyechagua kemia.