Kompyuta Iliyokataa Kazi Mbili

Kulikuwa na wakati mjini Gisenyi, Rwanda, ambapo kompyuta iliyokuwa ikichoma CD haikuguswa na mtu. Katika maduka madogo ya kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuhariri video za harusi, mashine ilikuwa moja na wateja wengi. Aliyefuata barua ya kuomba kazi aliambiwa asubiri au arudi baadaye, kwa sababu diski ilikuwa ndani na leza ilikuwa kazini.

Uangalifu huo ulikuwa na sababu. Kasi ya msingi ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Ukichoma kwa kasi ya 8, mashine inahitaji kilobaiti 1,200 kila sekunde, bila kukatika. Vichomeo vingi vya miaka ya 1990 vilikuwa na akiba ya megabaiti 2 au chini ya hapo. Kwa kasi hiyo ya 8, akiba ya megabaiti 2 inaisha kabla ya sekunde mbili kutimia. Mtu akifungua programu ya kuandikia, au antivairasi ikianza ukaguzi wake, diski kuu inashughulikia mambo mawili kwa pamoja, data inachelewa, leza inakosa cha kuandika. CD-R, diski ya kuandikwa mara moja tu, haifutiki. Iliyoharibika ilitupwa, na hasara ilikuwa ya mwenye duka.

Kabla ya kuchoma kulikuwa na kazi ndefu zaidi: kugeuza video. Mkanda wa kamera uliingizwa kwenye kompyuta, ukahaririwa, kisha ukageuzwa kuwa MPEG-1 ili utoshe kwenye VCD, muundo wa diski za video uliotoka mwaka 1993. Diski moja ilibeba dakika 74 hivi. Harusi ya Kinyarwanda, ambayo ina kuposa na kukabidhi mahari, misa, na mapokezi yenye hotuba za wazee, haikai kwenye diski moja. Prosesa za enzi hiyo zilifanya kazi saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Hata hivyo, ugeuzaji ulikuwa mvumilivu kuliko uchomaji: ukichapa barua huku video inageuzwa, kazi inachelewa lakini haifi. Fundi aliyeelewa tofauti hiyo aliweza kuwahudumia wateja wawili kwa mashine moja.

Umeme nao haukusaidia. Mwaka 2004 maji ya Ziwa Burera yalipungua, kituo cha umeme cha Ntaruka kikadhoofika, na Rwanda nzima ikaingia katika mgao mkali. Gisenyi ina Mto Sebeya unaozalisha umeme jirani kabisa, lakini ni mto mdogo. Umeme ukikatika katikati ya uchomaji, hakuna programu iliyoweza kuokoa diski.

Mkombozi wa kwanza alitoka Japani. Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilileta BURN-Proof, na Plextor ikaitia kwenye vichomeo vyake: akiba ikikaribia kuisha, leza inasimama, inakumbuka ilipofikia, na data ikirudi inaendelea kutoka hapohapo. Muda si mrefu kinga ya aina hiyo ikawa kawaida kwenye vichomeo vipya. Windows XP ya mwaka 2001 iligawa muda wa prosesa vizuri kuliko Windows 98, na mwaka 2005 Intel na AMD zikauza prosesa zenye viini viwili kwa kompyuta za kawaida. Sasa video iligeuzwa upande mmoja na barua ikachapwa upande wa pili. Mwaka 2011 Intel ilienda mbali zaidi kwa Quick Sync, sehemu ya prosesa iliyotengwa kwa ajili ya video.

Uhuru huo ulikuwa na upande mchungu. Filamu za agasobanuye, zile za kigeni zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, zilisambaa nchini kote kwa diski za kunakili. Mmoja wa wasimulizi mashuhuri, Nkusi Thomas aliyejulikana kama Yanga, alifariki Agosti 2022, na sauti yake ilikuwa imeingia sebule nyingi kupitia nakala za aina hiyo. Rwanda ilipitisha sheria ya kulinda mali ya ubunifu mwaka 2009, lakini kufikia hapo kunakili kulikuwa kazi rahisi ya dakika chache. Kunakili bila ruhusa kulikuwa dhuluma, hata kama watazamaji walifurahi.

Leo filamu zinahamishwa kwa flashi au simu, na kompyuta mpakato mpya nyingi hazina hata mahali pa kuingizia diski. Zilizobaki ni diski za harusi na ubatizo, zilizochomwa kwa shida kubwa, ambazo rangi yake ya ndani huharibika taratibu kwa joto, unyevu na mwanga. Tena diski zinaweza kupotea ghafla: Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na matetemeko kupasua nyumba wilayani Rubavu, ulipo mji wa Gisenyi, familia nyingi ziliondoka kwa haraka na kuacha vitu nyuma.

Kwa hiyo mwenye diski za namna hiyo azinakili sasa, wakati vifaa vya kuzisoma bado vinapatikana. Nakala moja iwekwe nje ya nyumba, kwa ndugu wa mji mwingine ikiwezekana, na kila faili lichezwe mpaka mwisho kabla diski ya zamani haijatupwa.