Mtaalamu Aifuate Skuli: Elimu Mjumuisho katika Vijiji vya Unguja

Tangu tarehe 23 Septemba 1964, Rais Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo, skuli zimesogezwa karibu na vijiji vya Unguja hatua kwa hatua. Mtoto wa Mtende au wa Matemwe leo anakwenda darasa la kwanza kwa miguu yake. Haya ni mafanikio makubwa, na yeyote anayeandika juu ya elimu ya visiwa hivi anapaswa kuanza kwa kuyatambua. Lakini mtoto huyo akiwa haoni, hasikii, au anajifunza polepole kuliko wenzake, ukaribu wa jengo haumsaidii sana, kwa sababu mtu anayejua kumfundisha hayumo ndani yake. Mtu huyo yuko Mjini.

Hoja ya makala hii ni kwamba elimu mjumuisho Unguja imefanikiwa kuufungua mlango wa skuli ya shamba, na sasa imekwama kwa sababu utaalamu haukuingia pamoja na mtoto. Kinachopaswa kusafiri ni utaalamu, na mtoto abaki kwao. Lipo hata hivyo kundi moja la watoto ambalo kanuni hii italidhuru ikitumiwa kwa ujumla, na nitalizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndilo husahaulika zaidi.

Zanzibar haikupita njia iliyopita Tanzania Bara. Huko, elimu ya watoto wenye ulemavu ilianza kwa skuli za peke yake zilizofunguliwa na makanisa: Buigiri, Dodoma, kwa wasioona mwaka 1950, na Tabora kwa viziwi mwaka 1963. Unguja ilichagua kuweka vitengo na madarasa maalumu ndani ya skuli za kawaida, na vitengo hivyo vikawekwa Mjini, katika skuli kama Kisiwandui, Haile Selassie na Jang'ombe. Kutowatenga watoto na wenzao kulikuwa uamuzi wa busara. Kuhusu mahali, nadhani hapakuwa na mjadala mkubwa: walimu wenye ujuzi walikuwa Mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko Mjini, basi na vitengo vikakaa Mjini.

Kuanzia mwaka 2004, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali pamoja na jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, zilianza majaribio ya elimu mjumuisho kwa msaada wa jumuiya ya aina hiyohiyo ya Norway, NFU. Sera ya Elimu ya 2006 ikaupa mwelekeo huo nguvu ya maandishi, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria Namba 9 ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 10 Novemba 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 inahusu elimu. Kwa upande wa karatasi, hakuna kinachokosekana.

Wapo wanaotetea kuubakiza utaalamu Mjini, na hesabu iko upande wao kwa sehemu. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu thuluthi mbili ya wakaazi wote wa Unguja. Rasilimali zikiwa chache, wanasema, ziwekwe penye watu wengi. Lakini Kaskazini Unguja ilikuwa na watu 257,290 na Kusini Unguja 195,873. Hao ni zaidi ya watu laki nne na nusu, na huduma inayowaruka haiwezi kuitwa ya taifa.

Mzazi wa Nungwi anayeambiwa ampeleke mwanawe kwenye kitengo cha Mjini anaambiwa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni safari ya karibu kilomita 60 kila upande kwa gari la shamba, kwenda na kurudi. Kwa mtoto wa miaka saba hilo halitekelezeki kila siku, na elimu bila malipo hailipi nauli. La pili, ambalo halisemwi waziwazi, ni kwamba mtoto akakae kwa shangazi au mjomba Ng'ambo, huko Mjini. Jamaa wa Kizanzibari hawakatai mtoto. Hata hivyo mtoto asiyeona aliyezoea ua wa kwao, kisima cha kwao na sauti za jirani zake anaanza upya katika nyumba ambayo kila mtu ana shughuli zake. Kwa Tumbatu ongeza mashua hadi Mkokotoni. Kwa Uzi, miaka mingi barabara ya mikokoni imetegemea maji kujaa na kupwa. Familia nyingi huamua jambo jepesi zaidi, kumbakiza mtoto nyumbani, na si haki kuwaita wazazi hao wajinga.

Skuli ya shamba nayo inapompokea, inampokea ikiwa na nini? Mara nyingi ina mwalimu mmoja au wawili waliohudhuria semina. Semina hufundisha moyo wa kupokea, na moyo huo nimeuona kwa walimu wengi wa shamba. Haiwezi kumfundisha mtu mzima kusoma nukta nundu au kuzungumza Lugha ya Alama, kazi inayotaka miezi na miaka. Mwalimu huyohuyo ana darasa lililojaa, na penye mikondo miwili hana hata chumba cha kukaa na mtoto mmoja baada ya vipindi, kwa kuwa wa mkondo wa jioni wako mlangoni wanasubiri. Kisha inakuja barua ya uhamisho. Mwalimu aliyeandaliwa anaondoka na ujuzi wake, na skuli inabaki kuhesabiwa kuwa skuli mjumuisho.

Njia ya kutoka hapa haihitaji taasisi mpya. Unguja ina Vituo vya Walimu ambavyo kwa miaka mingi vimetumika kuwaendeleza walimu kazini, na vitatu kati ya hivyo viko shamba hasa: Mkwajuni kwa upande wa kaskazini, Dunga katikati, Kitogani kusini. Kila kimoja kinaweza kuwa makao ya walimu wa kuzungukia, yaani wataalamu wa elimu maalumu ambao hawana darasa lao, bali wana ratiba ya skuli na orodha ya watoto. Bara imewatumia walimu wa namna hii kwa watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Kenya ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, ilianza kufungua vituo vya upimaji na nyenzo wilayani, na miaka miwili baadaye ikaanzisha Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ya kuandaa walimu. Funzo moja la Kenya linatuhusu moja kwa moja. Kituo kinachopima bila kuwa na mtu wa kumfuatilia mtoto skulini kinageuka ofisi ya kutoa vyeti vya ulemavu.

Upimaji wenyewe una sehemu kubwa isiyohitaji daktari. Chati ya herufi E inabandikwa ukutani, mtoto anasimama mita 6 kutoka hapo, anaziba jicho moja na kuonyesha kwa vidole upande ambao E imeelekea. Mwalimu yeyote anaweza kujifunza hilo kwa asubuhi moja. Wako watoto wanaokaa nyuma ya darasa wakiitwa wazito ambao wanachohitaji ni miwani, au dawa ya sikio linalotoa usaha tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika. Sheha naye asisahauliwe. Anazijua nyumba za shehia yake, na anajua mtoto gani hakuandikishwa. Mwalimu wa kuzungukia aanzie kwa sheha kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu, kwa sababu mwalimu mkuu anaweza kumwonyesha tu watoto walioandikishwa.

Kwa mtoto asiyeona, kazi ya mwalimu wa kuzungukia inaonekana wazi. Alama ya nukta nundu ina nafasi sita, safu mbili za nukta tatu. Mashine ya Perkins ya kuandikia alama hizo ina kibonyezo kwa kila nukta na kimoja cha kuachia nafasi. Ni ya chuma, uzito wake unakaribia kilo 5, na bei yake inaishinda bajeti ya skuli ya kijiji. Kibao na kalamu ya kutobolea ni rahisi na vinaenea mkobani. Lakini kwa kibao mtoto hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa nukta hujitokeza upande wa pili. Mwalimu asiyelijua hili humsahihisha mtoto aliyepatia. Miaka miwili ya mwanzo inataka mkono wa mtaalamu mara kadhaa kwa wiki. Baada ya hapo ziara zinaweza kupungua, na mwalimu wa darasa akawa ameshajifunza kusoma alama kwa macho.

Mtoto huyu mara nyingi haji skuli mikono mitupu. Katika chuo cha Kurani ameshahifadhi sura kwa kusikiliza, na jamii yetu haijawahi kuona ajabu kipofu kuwa hafidhi au muadhini. Kisa cha Abdullah ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona anayehusishwa na kuteremka kwa sura ya 80, kinajulikana na kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa chuo. Heshima hiyo ni mtaji ambao skuli haijautumia ipasavyo. Hatari ni skuli kuridhika na njia ya chuo, mtoto akae asikilize na ajibu kwa mdomo. Anasonga mbele darasa hadi darasa, na anamaliza bila kusoma wala kuandika.

Sasa kundi nililolitaja mwanzo. Mtoto asiyeona wa Bwejuu anakuja skuli na Kiswahili chake kamili. Mtoto kiziwi, ambaye mara nyingi wazazi wake wanasikia, anaweza kufika miaka saba hana lugha iliyokamilika, ila ishara za nyumbani za kuomba maji, kumtaja mama, kuonyesha maumivu. Kumweka katika darasa la watoto arobaini wanaosikia, na kumletea mtaalamu kila Jumanne, ni kumweka peke yake katikati ya watu. Lugha hupatikana kwa kuishi na wanaoitumia, wakiwemo wakubwa na watoto, katika mchezo na katika ugomvi. Kila mwaka unaopita bila lugha unapunguza uwezo wa kuipata baadaye. Watetezi wa ujumuishaji hupenda kulitaja Azimio la Salamanca la Juni 1994, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92. Aya ya 21 ya mpango wake wa utekelezaji inakiri kwamba, kwa sababu ya mawasiliano yao, elimu ya viziwi inaweza kufaa zaidi katika skuli au madarasa maalumu. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika Ibara ileile ya 24, unazitaka nchi ziwezeshe kujifunza lugha ya alama na kuendeleza utambulisho wa lugha wa viziwi.

Kwa hiyo, kwa viziwi ninatetea mkusanyiko, ila mkusanyiko wa shamba. Iteuliwe skuli moja kaskazini, jirani na Mkwajuni, na moja kusini, kati ya Kitogani na Makunduchi, ambako watoto viziwi wa vijiji vya karibu watakutana kila siku, kwa gari linalolipiwa na Serikali, na kulala kwao. Watu wazima viziwi waajiriwe kama wasaidizi wa darasa, na Chama cha Viziwi Zanzibar kishirikishwe kuwapata. Kwa mtoto kiziwi, mtu mzima wa kwanza anayezungumza lugha yake ana thamani kuliko stashahada yoyote. Watoto wanaosikia wa skuli hiyo nao wafundishwe Lugha ya Alama, pamoja na ndugu na wazazi, jioni. Huo ndio ujumuishaji ninaoutambua.

Kuhusu watoto wenye ulemavu wa akili nitasema kwa ufupi. Kikwazo chao kikubwa ni mtihani. Skuli inayopimwa kwa ufaulu wa darasa la sita itamwona mtoto huyu kama mzigo wa takwimu, hata walimu wake wakimpenda. Awe na mpango wake binafsi wa kujifunza, apimwe kwa maendeleo yake, na matokeo yake yasiingizwe katika wastani wa skuli.

Gharama itatajwa, nami sikimbii swali hilo. Wilaya za shamba za Unguja ni nne: Kaskazini A, Kaskazini B, Kati na Kusini. Walimu wawili wa kuzungukia kwa kila wilaya ni walimu wanane, pikipiki nane, na mafuta. Nchi iliyojenga skuli za ghorofa kwa kasi ya miaka hii, shamba na Mjini, haiwezi kusema hilo limeishinda. Ninachohofia zaidi ni kwamba walimu hao watavutwa kwenye kazi za ofisi ya wilaya, kusimamia mitihani na kusambaza vitabu, hadi orodha yao ya watoto isahaulike. Ndiyo maana nafasi yao inapaswa kuwekwa katika muundo wa utumishi, yenye majukumu yaliyoandikwa na kinga dhidi ya uhamisho wa kiholela. Mradi wa wafadhili hauwezi kuwapa kinga hiyo.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinaweza kuwaandaa papa hapa, ili mwalimu asilazimike kwenda hadi Chuo cha Ualimu cha Patandi, Arusha, kutafuta ujuzi wa kumfundisha mtoto wa Uroa. Na kwa Wizara ombi langu ni moja: bajeti ijayo iitaje nafasi ya mwalimu wa kuzungukia kwa jina lake, itaje idadi yao kwa kila wilaya ya shamba, na itenge fungu la mafuta ya pikipiki zao.