Neno Lililoandikwa Mara Mbili

Ndugu msomaji, ukikuta kitabuni "maji ya ya moto", usifanye haraka kusema mwandishi hajui nahau. Nahau anaijua, mkono ndio ulioghafilika. Hilo ni kosa la kalamu, si la lugha. Na tazama vyema kabla ya kukosoa: "waliingia wawili wawili" si kosa hata kidogo, na ukifuta moja umegeuza maana.

Wanavyuoni wa Hadithi hawakulidharau jambo hili, kwa kuchelea kuzidisha au kupunguza katika maneno ya Mtume (S.A.W.). Neno likirudiwa kwa kughafilika, lifutwe lipi? Ar-Ramahurmuzi, wa karne ya 4 ya Hijria, amenakili kauli mbili: lifutwe la pili, kwani la kwanza limeandikwa kwa haki yake, au libakishwe lenye hati nzuri zaidi.

Kadhi Iyadh wa Sabta, aliyefariki mwaka 544 Hijria (1149), akapambanua. Yakiwa mwanzo wa mstari, hufutwa la pili. Yakiwa mwisho wake, hufutwa la kwanza, ili mistari ianze na iishe safi. Lakini katika maneno yaliyofungamana, mfano mlango na nyumba yake, mstari hautazamwi tena: asije mtu akafuta "mlango" ulio jirani na "nyumba", akaacha pengo kati yao. Hapo ndipo nahau ilipopata kauli.

Na kufuta kwenyewe kulikopendelewa ni kupiga mstari, neno likabaki lasomeka. Kukwangua karatasi walikuona kwaleta tuhuma.